Nozeli moja kati ya tatu

Mita ya jenereta ikikwambia hezi 50, yaani mizunguko 50 ya stima kwa sekunde, imekupa wastani tu. Wastani hauna habari za mzunguko mmoja mmoja, na katika kazi yangu ya mitambo ya stima hapa Malindi nimeona mara nyingi ugonjwa ukijificha mahali ambapo wastani haufiki.

Kazi iliyonionyesha hilo waziwazi ilikuwa ya nyumba ya wageni upande wa Casuarina. Ina jenereta ya dizeli ya silinda tatu, si mpya, inayowashwa stima ikipotea. Mwenye nyumba, mama mwenye subira kuliko wateja wangu wengi, alilalamika kwamba jenereta ikishika mzigo taa za vyumbani zinapepesa. Hazizimiki, zinatetemeka tu kwa namna inayochosha macho. Wageni wa Kitaliano walikuwa wameshazoea kula chakula cha usiku kwa mishumaa na kudhani ndiyo desturi ya nyumba.

Bandani nilimkuta fundi wa dizeli, mzee wa kazi, amekalia ndoo ya rangi. Alinipokea kwa kunipima kwanza.

“Mita yasema hamsini,” akaninyooshea kidole kwenye paneli. “Masikio yangu yasema silinda moja yachechemea. Ila mama hataki masikio, ataka karatasi.”

“Basi tumpe karatasi, Mzee,” nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika bado itaandikwa nini.

Mita yenyewe ilikuwa ya vijiti, zile za zamani: safu ya ulimi mwembamba wa chuma, kila ulimi umetengenezwa utetemeke kwa hezi yake. Wa 50 ulikuwa unatetemeka kwa nguvu, wa 50.5 nao karibu sawa nao. Nazipenda mita hizi kwa sababu hazina cha kuungua. Lakini chuma huchukua muda kuanza kutetemeka na muda kutulia, kwa hiyo unachokiona ni mizunguko mingi iliyochanganywa pamoja. Mita ya dijitali ya bei rahisi haina nafuu: nyingi huhesabu mapigo yaliyopita ndani ya sekunde moja. Kwa stima ya hezi 50 utapata 50, au 51, na katikati yake hakuna kitu. Ukitaka kujua zaidi inabidi ugeuze swali, usiulize mapigo mangapi yamepita kwa sekunde bali pigo moja limechukua muda gani.

Mkobani nilikuwa na Arduino Uno, boadi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe. Chipu yake ni ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16, na ndani ina taima tatu. Ya kwanza, Timer0, ni ya biti 8 na tayari ina kazi: ndiyo inayolisha millis() na micros(), amri za kusoma muda, na hatua yake ni maikrosekunde 4. Timer2 pia ni ya biti 8. Iliyonifaa ni Timer1, ya biti 16, inayohesabu kutoka 0 hadi 65,535 kisha inarudi mwanzo. Ukiiwekea kigawanyi cha 8, kinachopunguza mwendo wa saa mara nane, kila tiki, yaani hatua moja ya kaunta, ni nusu maikrosekunde. Mzunguko mmoja wa hezi 50 ni milisekunde 20, yaani tiki 40,000, na zinaingia ndani ya kaunta bila kufurika. Namba zinakaa vizuri kana kwamba aliyebuni chipu alikuwa akiiwazia stima yetu. Hata Marekani wenye hezi 60 wanapata tiki 33,333, kwa hiyo hatukupendelewa.

Kwa nini nisitumie micros() tu, yenye hatua ya maikrosekunde 4? Kwa haki, ukiisoma ndani ya intarapti, kipande cha programu kinachoitwa pigo likifika, ingetosha kukuonyesha karibu kila kitu nitakachosimulia. Shida yangu na micros() ni shaka zaidi kuliko ukubwa wa hatua. Pigo linafika kwenye pini. Programu iko mahali pengine, labda inaandika herufi kwenye kioo, labda intarapti ya Timer0 yenyewe ndiyo inayoendeshwa wakati huo. Mpaka iache ilichoshika, iingie kwenye intarapti yako, iite micros(), muda fulani umeshapita, na muda huo haulingani kila mara. Kisha unaona tofauti ya maikrosekunde kadhaa kati ya pigo na pigo. Je, ni ya injini au ni ya programu? Hujui. Na ukishakuwa hujui, huna la kumwandikia mama kwenye karatasi.

Timer1 ina njia ya kunasa. Pini ya 8 kwenye Uno imeunganishwa moja kwa moja na saketi iliyo ndani ya taima. Volti inapopanda kwenye pini hiyo, saketi inanakili namba ya kaunta ya papo hapo na kuiweka kwenye rejista ya ICR1, kisanduku cha kuhifadhia namba ndani ya chipu. Programu haihusiki. Intarapti inaitwa baadaye, na ikichelewa kidogo hakuna kinachoharibika, kwa sababu namba imeshaandikwa na inasubiri kuchukuliwa. Ni tofauti kati ya mtu anayeitwa kutoka jikoni ndipo atazame saa ukutani, na saa inayojisimamisha yenyewe mlango unapogongwa. Kitu pekee unachodaiwa ni kuichukua namba kabla pigo lijalo halijaja kuifuta, na milisekunde 20 ni muda mrefu sana kwa chipu ya megahezi 16.

Faida yake naiona hivi: tofauti yoyote inayobaki kwenye namba, ukiacha tiki moja ya kukadiria, imetoka nje ya chipu. Ni ya injini, ya alternata inayozungushwa na injini kutoa stima, au ya waya zako.

Waya zangu ndizo zilizokula sehemu kubwa ya mchana. Volti 240 haziendi karibu na Arduino, hilo halina mjadala. Nilitumia transfoma ndogo ya kushusha hadi volti 9, kisha rezista, kisha dayodi mbili za kuzuia volti isivuke mipaka ya chipu. Tatizo ni kwamba wimbi la stima hupanda polepole, na linapopita kwenye kizingiti, ile volti ambayo pini huihesabu kuwa imepanda, linakuja na vinyweleo: kelele ya brashi, ya friji, ya chaja za simu. Pini inaona kupanda, kushuka, kupanda tena, na kwenye orodha yako zinatokea tiki 39,000 zikifuatiwa na 700. ATmega ina kichujio chake cha kelele, biti ya ICNC1, kinachodai sampuli nne mfululizo zilingane ndipo kikubali. Sampuli nne kwa megahezi 16 ni robo ya maikrosekunde. Kinafaa kwa cheche fupi, si kwa wimbi linalojikokota kwenye kizingiti. Dawa ilikuwa IC ya 74HC14, ambayo mageti yake ya Schmitt yana vizingiti viwili, kimoja cha kupandia na kingine cha kushukia, kwa hiyo kelele ndogo ya katikati haina pa kushika. Baada ya hapo orodha ilitulia.

Kutoa pigo la awali kwenye pigo la sasa hakuna ugumu, hata kaunta ikiwa imezunguka katikati yao. Pigo la kwanza limenaswa kwenye 60,000, la pili kwenye 34,464. Toa, unapata hasi 25,536. Kwa hesabu ya biti 16 isiyo na alama ya hasi, hiyo ni 40,000 kamili. Ila uchunge wakati wa kuwasha. Injini inapoanza kuzunguka polepole na pigo likachukua milisekunde 40, hizo ni tiki 80,000. Kaunta imeshavuka mwisho wake na inakuonyesha 14,464. Kioo kitaandika hezi 138 wakati mtambo bado unakohoa. Mzee alicheka sana. Chini ya hezi 30.5 mpango huu hausemi kweli, kwa hiyo programu inasubiri mitambo ishike mwendo ndipo iandike.

Basi tukawasha, tukatia mzigo wa friji na pampu ya maji, na namba zikaanza kushuka kwenye laptopu:

39,712
39,748
39,905
39,781
39,709
39,752
39,911
39,777

Ukizichukua nne za kwanza na kutafuta wastani unapata hezi 50.27. Ndicho kile kile kilichosemwa na vijiti vya chuma, na vijiti havikukosea. Lakini tazama ya tatu. Kisha tazama ya saba. Niliziacha ziende ukurasa mzima, na kila baada ya nne inarudi ile ndefu, imezidi wastani kwa karibu maikrosekunde 60.

Nilimgeuzia Mzee laptopu bila kusema neno. Alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena.

“Alternata hii ni ya pole nne,” akasema. “Injini yenda elfu moja mia tano kwa dakika. Mara ishirini na tano kwa sekunde.”

“Na stima ni hamsini.”

“Kwa hivyo kila injini ikizunguka mara moja, stima imezunguka mara mbili. Na silinda ya kiharusi nne yawaka mara moja kwa mizunguko miwili ya injini.” Akakunja kidole cha nne. “Kila mizunguko minne ya stima, silinda zote tatu zimeshapata zamu. Hiyo moja ni ile mgonjwa. Sikukwambia?”

Alikuwa ameniambia. Magari ya kisasa hufanya vivyo hivyo: kompyuta ya injini hupima muda kati ya meno ya gurudumu lililofungwa kwenye krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na silinda iliyokosa kuwaka hujulikana kwa meno yanayochelewa. Kwetu alternata yenyewe ndiyo iliyokuwa gurudumu la meno, tena imeshafungwa na kiwanda.

Hapa naomba nitoke nje ya banda kidogo. Kaskazini mwa mji huu, Ngomeni, kuna majukwaa baharini ambako Wataliano walikuwa wakirushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru. Moja ya mambo iliyoyagundua ni kwamba nyota iitwayo Centaurus X-3 inapiga mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Wanasayansi walipolinganisha mapigo hayo waliona yanarefuka kidogo na kufupika kidogo kwa mpangilio unaojirudia kila baada ya siku mbili na ushei, na kutokana na hilo wakajua nyota hiyo inaizunguka nyota nyingine. Hakuna aliyeuona mzunguko wenyewe kwa macho. Waliusoma kwenye mapigo yasiyolingana. Watoto wengi wa hapa wamekua wakiyaona majukwaa yale bila kusimuliwa habari hii, na mimi nikiwa mmoja wao nadhani shule zetu zingeweza kuitumia vizuri.

Turudi. Taima ilijua kuna mgonjwa, ila jina lake haikulijua, kwa sababu kwenye stima hakuna alama inayosema sasa ni zamu ya silinda ya kwanza. Hiyo ikawa kazi ya Mzee na spana yake. Kila silinda ina nozeli yake ya kupulizia dizeli ndani. Alizungushia kitambaa nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, akailegeza, silinda ikakosa mafuta. Injini ilinung'unika, na kwenye laptopu pengo likafunguka hadi likapita 40,300. Akaikaza. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu alipoilegeza, injini haikushtuka sana na namba zilisogea kidogo tu. Silinda ambayo haikuwa ikifanya kazi haikosekani ikiondoka.

Nozeli ilifunguliwa ikapelekwa kupimwa presha. Ilikuwa inadondosha badala ya kupuliza. Ikabadilishwa ncha. Tuliporudi kupima, ile tofauti ilikuwa imeshuka hadi tiki chache, na taa za vyumbani zimetulia. Mchoro wa nne nne haukuisha kabisa, na nilimweleza mama asitarajie uishe: miwako mitatu ikigawanywa kwenye mizunguko minne ya stima haiwezi kulingana, hata injini ikiwa mpya. Alichotaka kujua yeye ni kama wageni watarudi kula gizani. Nikamwambia labda wakiomba wenyewe. Karatasi aliipata, kurasa mbili, ya kabla na ya baada, na aliitumia kumnyamazisha ndugu yake aliyekuwa anasisitiza wanunue jenereta mpya.

Kuna jambo moja kuhusu saa ya chipu ambalo vijana wanaoanza hulichanganya. Kwenye boadi nyingi za Uno chanzo cha zile megahezi 16 ni resoneta ya kauri, si kristali ya kwatzi. Resoneta inaweza kuwa nje kwa hadi asilimia nusu hivi, na inasogea joto likibadilika. Banda la jenereta wakati wa kaskazi lina joto la kutosha. Je, hilo linaharibu vipimo vyangu? Kwa nozeli, hapana. Saa ikiwa inakwenda polepole, inakwenda polepole kwa pigo la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na tofauti kati yao inabaki pale pale. Lakini mtu akitaka kujua kama jenereta iko hezi 50.0 au 50.2, hapo asilimia nusu ni robo ya hezi, na hilo si jambo dogo. Kulingana kwa tiki ni kitu kimoja na usahihi wa saa ni kitu kingine, na chombo kinaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Nilitaka kujua boadi yangu iko nje kiasi gani, kwa hiyo nikaipeleka moduli ya GPS juu ya bati, mahali inapoona mbingu wazi. Moduli hizi, kama NEO-6M, hutoa pigo moja kila sekunde, na pigo hilo linafuata saa za atomiki za setilaiti. Nililiingiza kwenye pini ile ile ya 8, kigawanyi nikakiondoa. Boadi kamili ingehesabu tiki 16,000,000 kati ya pigo na pigo, yaani kaunta inafurika mara 244 na kubakiza 9,216. Yangu ilikuwa pungufu kwa zaidi ya elfu kumi, na jua lilipoipiga namba ikaanza kutembea. Tangu hapo programu inabeba marekebisho, na napima upya kila msimu unapogeuka. Ningekuwa naanza leo ningenunua boadi yenye kristali ya kweli nikapunguza adha. Au boadi ya STM32 ya megahezi 72, ambayo taima zake zinanasa kwa hatua ndogo zaidi. ESP32 nayo inaweza, ina kifaa chake cha kunasa chenye hatua ya nanosekunde 12.5, ila wengi wanaoinunua wanaishia kusoma muda ndani ya intarapti huku Wi-Fi inapita katikati, halafu wanailaumu chipu.

Sasa Mzee ananisumbua kwa kitu kingine. Ana mpwa wake mwenye mashua ya uvuvi yenye injini ya dizeli ya ndani, na anataka apimiwe kama ile jenereta. Mashua haina alternata ya hezi 50 ya kunifanyia kazi, kwa hiyo itabidi nibandike sumaku kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini, na kihisi cha Hall, kinachohisi sumaku ikipita, mbele yake. Injini ikiwa inanguruma bila mzigo, mizunguko 700 kwa dakika, pigo moja linachukua milisekunde 85.7. Kwa kigawanyi cha 8 hizo ni tiki zaidi ya 171,000, kaunta inafurika mara mbili au tatu njiani na lazima nizihesabu kufurika zenyewe. Ningeweza kutumia kigawanyi cha 64, tiki zikabaki 21,000 na ushei bila kufurika, lakini hatua inarudi kuwa maikrosekunde 4, na sioni sababu ya kuitupa niliyo nayo.

Kuhesabu kufurika kuna mtego wake. Pigo likifika papo hapo kaunta inaporudi sifuri, intarapti mbili zinaombwa pamoja, na kwenye ATmega ya kunasa hutangulia ya kufurika. Unasoma ICR1 ikiwa ndogo, karibu na sifuri, huku hesabu yako ya kufurika bado ni ya zamani, na pigo zima linakosa tiki 65,536. Kinga ni kutazama bendera ya TOV1, alama inayosimama kaunta ikifurika, ukiwa ndani ya intarapti ya kunasa: ikiwa imesimama na namba iliyonaswa iko chini ya 32,768, ongeza moja kabla ya kupiga hesabu. Ikiwa imesimama na namba iko juu, kufurika kumekuja baada ya pigo, usiongeze.

Programu imeshaandikwa na nimeijaribu mezani kwa feni ya kompyuta. Kilichobaki ni maji ya chumvi, ambayo hayajali taima. Mzee anashauri kihisi tukizamishe kwenye lami kama wanavyoziba waya za taa za mashua. Mimi nataka epoksi. Mpwa mwenyewe anauliza tu kama kitafungwa kabla ya bamvua, maana siku hizo haendi mbali.